Maji Baina ya Moto na Chakula

Bismillahi Rahmani Rahim.



Huenda baadhi yenu mkastaajabu kuona kwamba safu hii, iliyozoea kuzungumzia swala, saumu na malezi, juma hili inazungumzia sufuria. Sisi hatuoni ajabu. Nyumba ya Muislamu haina chumba ambacho dini haikifikii, na jikoni ndiko mama zetu wanakotumia sehemu kubwa ya umri wao. Mwenye kulisha watu wa nyumba yake kwa nia njema yumo katika ibada, na ibada yataka kusemwa kwa uangalifu.

Tunalotaka kulisema ni hili: kuna vyakula visivyostahimili moto, na kuna walaji wasiostahimili pupa. Vyote viwili vyahitaji kitu cha kukaa katikati. Kwa chakula, kitu hicho ni maji. Kwa mlaji, ni subira ya mtu anayempenda.

Upishi wenyewe ni mwepesi kuueleza. Sufuria kubwa hutiwa maji kiasi, ikatelekwa. Ndani yake au juu ya mdomo wake hukaa chombo kidogo chenye chakula. Moto hupiga maji, na maji ndiyo yapashayo chakula. Hapa pana hekima ya Muumba: maji yakishachemka hayapandi joto zaidi, hata ukiongeza moto namna gani. Kitakachozidi ni mvuke, na gesi kumalizika upesi. Kwa hiyo maadamu maji yapo chini, chakula kilichoko juu hakiungui.

Sisi watu wa pwani adabu hii ya kuuzuia moto hatuionei ugeni. Mama zetu hawalichemshi tui zito kwa nguvu. Hulitia mwisho, wakalikoroga polepole, lisije likakatika. Wali wa nazi ukikaribia kukauka, moto wa chini hupunguzwa na makaa machache yakapaliwa juu ya kifuniko. Na pudini ya mayai, ambayo nyumba nyingi za Mombasa huiandaa Idi au anapokuja mgeni wa heshima, haijapata kukaa moja kwa moja juu ya moto. Bakuli lake huwekwa ndani ya maji, likafunikwa, likaachwa.

Mbinu hii ni kongwe. Wataalamu wa kale waliochanganya dawa na madini walimnasibishia mwanamke mmoja wa Misri aitwaye Maria, Myahudi, ambaye habari zake ziliandikwa na Zosimos, mwanachuoni wa Misri aliyeishi yapata mwaka 300 Miladia. Ibn al-Nadim wa Baghdad, katika kitabu chake Al-Fihrist alichokiandika mwaka 377 Hijria, naye alimtaja Maria miongoni mwa mabingwa wa elimu hiyo. Wafaransa hadi leo huuita upishi huu bain-marie, maana yake josho la Maria. Dada zetu wapatapo kuambiwa kwamba jikoni hakuna elimu, na wakumbuke kwamba chombo kilichoingia katika maabara za wataalamu kilipewa jina la mwanamke.

Kwa wale waliohama pwani wakaja kukaa Nairobi, pana jambo moja la kuzingatia. Mombasa iko kando ya bahari, na maji yake huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Nairobi iko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku ni nyepesi, haiyakandamizi maji kama ile ya chini, hivyo maji huchemka mapema, kwenye takriban nyuzi 94. Ndiyo sababu bibi harusi aliyetoka Mombasa hushangaa kuona maharagwe ya Nairobi hayaivi. Si kwamba amesahau kupika. Maji yenyewe hayana joto lile alilolizoea. Kwa upishi wa sufuria mbili hali hiyo ina faida na ina gharama. Faida ni kuwa chakula laini hupata joto la upole zaidi. Gharama ni muda. Usiipime pudini ya Nairobi kwa saa ya Mombasa.

Haya hatukuyasoma ili tuandike makala. Tuliyahitaji.

Mwaka juzi mama yetu mzazi alipatwa na kiharusi akiwa Mombasa. Alipotoka hospitalini, sisi ndugu tulishauriana, ikaonekana aje akae nasi Nairobi, upande wa Kawangware, apate mazoezi ya viungo karibu na nyumbani. Upande wake wa kulia ulikuwa umelegea, ulimi umekuwa mzito, na kumeza kumekuwa tabu.

Mtaalamu aliyemwona alitufunza jambo ambalo wengi hawalijui. Kwa watu wengi waliopatwa na kiharusi, hatari haimo katika chakula kigumu peke yake. Imo pia katika vitu vyepesi kama maji na chai, kwa kuwa hukimbia kooni kabla koo halijajifunga vyema, vikaingia njia ya pumzi. Alitutaka tumpe mama chakula kilicho laini na kizito kidogo, kisicho na donge hata moja. Aketi wima, kijiko kiwe kidogo, asiharakishwe, na baada ya kula abaki ameketi kwa muda wa nusu saa. Akatuonya pia kwamba kila mgonjwa ana hali yake: anayefaa kupewa hiki huenda mwenzake akakatazwa.

Basi tatizo likawa chakula. Uji wa haraka huwa na madonge. Maziwa yakiachwa kidogo tu hushika chini, na harufu ya kuungua huenea katika chungu kizima. Mama yetu alikuwa mpishi hodari katika mtaa wake wa Mji wa Kale; ulimi ulikuwa mzito, lakini pua ilikuwa ile ile. Kijiko kikimfikia chenye harufu ile alifumba mdomo na kuugeuza uso ukutani. Hakuteta. Alifumba tu. Wiki ya pili mifupa ya mabega yake ikaanza kuonekana ndani ya dera.

Daktari akataja mpira wa kupitishwa puani, chakula kiingie tumboni bila kupita mdomoni. Alituambia kwamba kwa mgonjwa asiyeweza kula cha kumtosha ni tiba ya haki wala si aibu, nasi twaafikiana naye. Lakini mama alisikia, akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka upande mmoja. Tukapewa wiki tatu. Iwapo uzito ungeendelea kushuka, mpira ungewekwa.

Ndipo dada yetu mkubwa alipofika kwa gari moshi kutoka Mombasa, na iliki amezifunga katika ncha ya leso. Alipoelezwa yote hakuuliza mama anaweza kula nini. Aliketi kitandani, akamshika mkono, akamwambia, "Mama, ile pudini yako ya Idi mimi nimeisahau. Mayai mangapi?"

Mama akamtazama kitambo. Kisha akainua vidole vinne vya mkono wa kushoto.

"Na maziwa?"

Akaonyesha kikombe kilichokuwa juu ya meza, halafu vidole viwili.

"Na moto, mama?"

Akainua kiganja juu, akakishusha polepole hadi kikagusa shuka. Akarudia mara ya pili, kama mwalimu asiyemwamini mwanafunzi wake.

Kwa majuma kadhaa watu wote wa nyumba ile walikuwa wakimfanyia mama mambo: wakimgeuza, wakimwosha, wakimlisha. Siku ile yeye ndiye aliyetufunza, nasi tukawa watoto wake tena. Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Suratul Israa tusiwatolee wazazi wetu hata neno dogo la kuchoka, bali tuwainamishie bawa la unyenyekevu. Tumekuwa tukiifasiri aya hiyo darasani kwa miaka mingi. Dada yetu aliitekeleza kwa maswali matatu.

Kesho yake, baada ya Adhuhuri katika Msikiti wa Jamia mjini, tuliteremka hadi Kamukunji, ambako mafundi hugonga bati tangu asubuhi wakitengeneza majiko, makarai na sufuria. Tulichagua sufuria mbili zilizofuatana kwa ukubwa, ile ndogo ikishikwa na mdomo wa ile kubwa bila kuzama. Hiyo ndiyo zana yote. Tukapanda matatu ya 46 kurudi Kawangware, sufuria zimefungwa gazeti, na abiria mmoja akatuuliza kama tunafungua hoteli.

Jioni ile pudini ilipikwa kama mama alivyoelekeza, isipokuwa sukari ya kuungua haikutiwa chini ya bakuli. Sukari ile hugeuka maji, na maji ndiyo tuliyoonywa. Dada akampa kijiko cha kwanza. Mama akakiweka kinywani, akanyamaza, akameza. Akapewa cha pili. Kwenye kijiko cha nne akasema kwa ulimi wake mzito, neno baada ya neno, "Sukari ya kuungua iko wapi?" Alikuwa hajasema sentensi nzima tangu aje Nairobi. Mama watoto wetu alitoka akaenda kulia jikoni.

Tangu siku ile alikula. Hakula sana, lakini alikula, kidogo kidogo mara tano kwa siku. Wiki tatu zilipokwisha uzito haukuwa umeshuka tena, na habari ya mpira haikutajwa. Hatusemi kwamba pudini iliponya kiharusi. Mponyaji ni Allah, na mazoezi na dawa vilikuwa na sehemu yao. Twasema kwamba chakula kilichopikwa kwa upole kilimkuta mama palipokuwa na mwanya, kikaingia.

Kwa mama zetu na dada zetu wenye wazee au wagonjwa nyumbani, tunaandika hapa namna tulivyofanya.

Pudini: mayai manne, maziwa vikombe viwili, yaani nusu lita, sukari vijiko vinne vikubwa, iliki ya kusaga na kungumanga kidogo. Piga mayai na sukari taratibu bila kutoa povu, tia maziwa ya uvuguvugu, kisha chuja kwa chujio la nyuzi nyembamba. Usiache kuchuja, hapo ndipo ulaini unapopatikana. Mimina katika bakuli, ulifunike kwa kisahani ili matone ya mvuke yasidondokee ndani. Kunja kitambaa safi ukitandike chini ya sufuria, uweke bakuli juu yake, utie maji ya moto hadi nusu ya kimo cha bakuli. Maji yatokote polepole, yasirukeruke, kwani mayai yakizidiwa na joto hujikunja yakatoa maji. Kwetu Nairobi huchukua dakika 40 hadi 50. Ncha ya kisu ikitoka safi, imeganda.

Uji wa shayiri: koroga vijiko viwili vikubwa vya unga wa shayiri kwa maji baridi mpaka usiwe na donge, uchanganye na kikombe kimoja cha maziwa katika sufuria ndogo, uiweke juu ya maji yanayochemka. Koroga kwa mwiko mara kwa mara kwa muda wa nusu saa. Ukiitwa mlangoni nenda, hautaungua. Ukishaepua tia asali.

Tahadhari ni chache. Maji ya chini yakikauka, faida yote imepotea. Basi ongeza maji ya moto kutoka kwenye birika, si ya baridi. Bibi mmoja jirani yetu alitufunza kutia gololi ya kioo iliyooshwa katika sufuria ya chini: inagongagonga maadamu maji yanachemka, na ikinyamaza, kimbia. Mvuke huchoma kuliko maji, basi kifuniko kifunguliwe kwa kukielekeza upande usio na uso wako. Na asali asipewe mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, hata kidogo. Kwa wakubwa ni shifaa, kwake yaweza kuwa na madhara makubwa.

Sufuria hizo hizo zina kazi nyingine. Maziwa ya mama yaliyohifadhiwa kwa ajili ya mtoto hupashwa kwa kuweka kikombe ndani ya maji ya moto, moto ukiwa umeshazimwa. Asali iliyoganda hurudi katika hali yake chupa ikikaa ndani ya maji ya uvuguvugu. Na mabinti zetu wanaooka keki za harusi wanajua kuwa chokoleti huyeyushwa juu ya mvuke, na kwamba tone moja la maji likiingia huikamata ikawa kama mchanga.

Uji ule wa shayiri una nasaba tukufu. Ni talbina. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amridhie, kwamba alikuwa akiamrisha talbina ipikwe kwa mgonjwa na kwa aliyefiwa, kwa kuwa alimsikia Mtume (S.A.W.) akieleza kwamba huupumzisha moyo wa mgonjwa na kuondoa baadhi ya huzuni. Tuzingatie neno "baadhi". Mtume wetu hakuahidi kwamba chakula kitaondoa huzuni yote. Ni baadhi tu, na kwa mwenye msiba, baadhi ni nyingi.

Imepokewa vilevile na Muslim kutoka kwa Bibi Aisha kwamba upole haukai katika jambo ila hulipamba, wala hauondolewi katika jambo ila huliharibu. Wengi wetu tumeisoma hadithi hii tukafikiria maneno: usimpigie mkeo kelele, usimkaripie mtoto. Ni kweli. Lakini upole pia ni kazi ya mikono, na kazi hiyo ina muda wake. Nusu saa ya kukoroga uji wa mzee ni upole. Kumngoja ameze kabla ya kumletea kijiko kingine ni upole.

Na hapa tuna neno kwa wanaume wenzetu. Mama wengi wa Nairobi hutoka asubuhi na giza, hukaa ofisini au dukani mjini mchana kutwa, hurudi magharibi wakiwa wamesimama katika foleni ya magari, kisha wakingia nyumbani husubiriwa na jiko. Ukimwambia mwanamke kama huyo apike kwa upole nusu saa nzima, umempa mzigo mwingine ukauita sunna. Bukhari amepokea kwamba Bibi Aisha alipoulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani, alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia watu wake. Basi katika nyumba yetu ilipangwa zamu. Mama watoto alishika alfajiri, binti yetu alasiri, na baada ya Isha zamu ilikuwa yetu na kijana wetu aliye chuo kikuu. Ajuaye kushika kitabu anaweza kushika mwiko. Kijana alikuwa akiweka simu yake kando ya jiko akasoma masomo yake huku akikoroga, na bibi yake akimwita kutoka chumbani kumkumbusha moto.

Mama yetu aliishi nasi miezi minane baada ya pudini ile. Alifunga nasi Ramadhani kwa moyo, kwa kuwa mwili ulikuwa na ruhusa yake, na siku ya Idi alitupa amri kwa vidole vyake vya kushoto mpaka sahani zote zikatoka kama alivyotaka. Baada ya hapo Mwenyezi Mungu alimwita, usiku, kwa utulivu. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Majirani walileta vyakula, Allah awalipe, kama Mtume (S.A.W.) alivyoagiza watu wa Jaafar wapelekewe chakula walipofikiwa na msiba. Palikuwa na pilau, mikate na birika za chai. Lakini waombolezaji walipoondoka, tukabaki sisi wenyewe, dada yetu aliinuka bila kusema neno, akateleka sufuria kubwa, akaweka ndogo juu yake. Ndivyo alivyokuwa akifanya Bibi Aisha: wanawake wakishatawanyika, wakabaki jamaa wa karibu, ndipo huamrisha chungu cha talbina. Tulikunywa kimya, kila mmoja na kikombe chake. Huzuni haikuisha. Ilipungua kiasi cha mtu kuweza kulala.

Ndugu zetu, katika mitaa yetu ya Nairobi, kuanzia katikati ya mji hadi Kangemi na Dagoretti, wako wazee wa pwani waliofuata watoto wao, wamekaa katika vyumba vya ghorofani, mbali na bahari na mbali na watu wanaolijua jina lao. Wengine wameacha kula, na watu wa nyumbani husema wamekuwa wasumbufu. Juma hili, mwende mmoja wao. Kabla ya kumuuliza anaumwa wapi, muulizeni chakula gani alikuwa akikipika na alikuwa akikipikaje. Kisha mkipike mbele yake, kwa moto mdogo, na mfuate maelekezo yake.

Ewe Mola wetu, warehemu wazazi wetu kama walivyotulea sisi tukiwa wadogo. Waponye wagonjwa wetu, uwape subira wanaowauguza, na uijaalie mikono yao iwe mepesi na nyoyo zao ziwe laini. Amin.

Wabillahi tawfiq.